Njia nne za kuijenga Mumbai upya, na ipi inamfaa nani

Wengi wetu tumeijua Mumbai kwa sababu ya ugonjwa. Ndugu anapelekwa hospitali, msindikizaji anapanga chumba cha jirani, na asubuhi akifungua dirisha anaona upande mmoja mnara wa vioo uliopotelea mawinguni, upande wa pili majengo yaliyofanya weusi kwa mvua, nguo zimeanikwa baraza nzima, na chini yake mtu anakaanga vitafunio kwenye kikarai. Wapo pia wanaoijua kwa damu: familia za Kibohora (Waislamu wenye asili ya Gujarat) na nyinginezo za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam bado zina mashangazi na binamu kwenye vichochoro vyake.

Jiji hilo sasa linavunjwa na kujengwa upya kwa kasi ambayo halijawahi kuiona. Sensa ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 12, na kama asilimia 41 kati yao walikuwa wakiishi kwenye mitaa ya mabanda. Ongeza hapo maelfu ya majengo ya zamani ambayo kodi zake zilifungwa kwa sheria ya 1947. Mpangaji alibaki akilipa kiasi kile kile alicholipa babu yake, mwenye nyumba akaacha kutengeneza paa, na chumba kikawa kinahama mkono kwa mkono kwa malipo ya mkupuo wanayoyaita pagdi, yaani kilemba. Mfanyabiashara wa Kariakoo haelezwi maana yake, kwani sisi nasi tunaita vilevile.

Ninachofanya hapa ni kupanga njia nne zinazotumika Mumbai hivi leo, nikimfikiria mtu ambaye atawekewa karatasi mbele yake aitie sahihi. Huenda ni jamaa yako mwenye chumba huko. Huenda ni wewe, kwenye kamati ya mtaa Nairobi au Dar, unayeletewa michoro na kuambiwa kwamba haya yameshafanyika Asia yakafaulu.

Mambo ya kupimia

Nimetumia vipimo vinne kwa kila njia.

Cha kwanza ni nani anahesabiwa: nani ataitwa mkazi halali na nani ataachwa nje ya orodha. Cha pili ni kazi: riziki ya mtu itakaa wapi baada ya nyumba kubadilika. Cha tatu ni kusubiri, yaani utaishi wapi wakati wa ujenzi na kwa miaka mingapi. Cha nne ni maisha ya baadaye: hewa, lifti, maji, na bili ambazo hazikuwapo.

Nitasema wazi kwamba mimi nakipa kipimo cha pili uzito kuliko vyote. Michoro huonyesha vyumba vya kulala na bustani za watoto. Karakana, tanuri na meza ya cherehani havionekani kwenye michoro hiyo, na kwa familia nyingi za Mumbai vitu hivyo ndiyo nyumba yenyewe.

Njia ya kwanza: minara ya mjenzi binafsi

Mpango huu ulianza rasmi 1995, serikali ya jimbo la Maharashtra ilipounda mamlaka ya kujenga upya mabanda, SRA, na kuahidi nyumba 800,000 za bure kwa watu milioni nne wa mabanda. Hesabu yake ni rahisi kuielewa. Mjenzi anawajengea wakazi vyumba bure kwenye kona ya kiwanja. Kama malipo, anapewa ruhusa ya kujenga sakafu nyingi kuliko kawaida kwenye sehemu iliyobaki, na hizo anaziuza sokoni kwa bei ya Mumbai, ambayo ni ghali ajabu. Serikali haitoi fedha nyingi, mkazi halipi, mjenzi anapata faida. Robo karne baadaye nyumba zilizokamilika zilikuwa hazijafika hata nusu ya ile ahadi, kwa sababu mpango unaotegemea faida hukimbilia mahali ardhi ni ghali na kupaacha pengine.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Dharavi, mtaa ulio katikati ya jiji, mkabala na majengo ya benki ya Bandra-Kurla, wenye wakazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Kundi la Adani lilishinda zabuni mwishoni mwa 2022 kwa rupia bilioni 50.69. Kampuni ya mradi inamilikiwa na Adani kwa asilimia 80 na serikali ya jimbo kwa asilimia 20.

Nani anahesabiwa? Tarehe ndiyo inayoamua. Aliyekuwa na chumba cha chini kabla ya Januari 1, 2000 anaahidiwa nyumba ya bure ya futi 350 za mraba ndani ya Dharavi. Wa chumba cha chini aliyekuja kati ya 2000 na 2011 anapata nje ya Dharavi, kwa kulipa rupia 250,000. Anayeishi ghorofa ya juu, ambaye mara nyingi ni mpangaji wa mpangaji, au aliyekuja baadaye, anapewa nafasi ya kupanga au kununua kidogo kidogo, naye pia nje. Sehemu ya ardhi iliyotengwa kwa ajili ya hao wa nje ni mashamba ya zamani ya chumvi, kama ekari 256 upande wa mashariki wa jiji. Katika miradi ya kawaida ya SRA mjenzi anahitaji idhini ya asilimia 51 ya wakazi. Zamani ilikuwa 70. Dharavi idhini ya mkazi mmoja mmoja haikuhitajika, kwa kuwa mradi unahesabiwa kuwa wa serikali.

Kazi: hapa ndipo penye uchungu. Dharavi si mahali pa kulala tu. Sehemu yake iitwayo Kumbharwada wapo wafinyanzi waliotoka Gujarat vizazi kadhaa nyuma, wanaofinyanga uani na kuchoma vyungu kwenye tanuri lililo mbele ya mlango. Wapo mafundi wa ngozi, wachambuaji wa plastiki, wanawake wanaosukuma papadi (mikate myembamba mikavu) na kuzianika juani juu ya makapu, na familia za Kitamil zinazopika idli (mikate ya mchele ya mvuke) alfajiri na kuzisambaza mjini kabla watu hawajaamka. Mradi unaahidi nafasi za biashara kwa wanaostahili. Tatizo ni kwamba tanuri la vyungu halipandi ghorofa ya kumi na mbili, na papadi zinataka ardhi na jua. Mwenye duka la kioo cha mbele atapata pa kusimama. Mwenye tanuri ana wasiwasi wa haki.

Kusubiri: mradi umepewa miaka saba. Mipango ya Dharavi imekuwa ikitangazwa tangu 2004, kwa hiyo wakazi wana sababu ya kusikiliza tarehe kwa tahadhari. Ubora wa njia hii ni kwamba fedha zikishaingia, mjenzi naye ana haraka, maana kila mwezi wa kuchelewa unamla yeye.

Maisha ya baadaye yanategemea nafasi kati ya jengo na jengo. Huko Govandi na Mankhurd, kwenye mitaa ya Natwar Parekh na Lallubhai Compound, watu waliohamishwa walijengewa majengo yaliyobanana kiasi kwamba ghorofa za chini hazioni jua. Madaktari wa shirika la Doctors For You walipochunguza mitaa hiyo mwaka 2018 walikuta kifua kikuu kimeenea sana kwa wanaokaa ghorofa hizo za chini. Watu walitolewa kwenye bati wakapewa zege, na zege likawanyima hewa. Sijui kama kuna jambo katika habari hii yote linaloniuma kuliko hilo.

Inamfaa: mwenye karatasi za kabla ya 2000, mwenye ajira nje ya nyumba au duka dogo safi, aliyechoka foleni ya choo cha umma. Kwa mtu huyo, mlango wake mwenyewe na bomba ndani ni mabadiliko makubwa ya maisha, na asidharauliwe akiyataka.

Njia ya pili: mtaa mzima kwa mkono wa jumuiya

Bhendi Bazaar ni eneo la biashara la ekari 16.5 kusini mwa jiji, moyo wa Mabohora wa Mumbai. Mwaka 2009 kiongozi wao, Syedna Mohammed Burhanuddin, alianzisha amana ya Saifee Burhani kwa kazi moja: kununua karibu majengo 250 chakavu, kuyavunja kwa awamu, na kuwarudisha palepale familia zipatazo 3,200 na maduka 1,250.

Nani anahesabiwa: mpangaji wa kilemba anageuka mmiliki. Ndilo jambo zuri kupita yote katika njia hii. Mtu aliyerithi haki ya kukaa kwenye chumba kisichokuwa chake anapata nyumba ya futi 350 au zaidi yenye hati kwa jina lake, awe Bohora au la. Mpangaji asiye na kilemba, kijana aliyekodi kitanda kwenye chumba cha watu sita, hayumo.

Kazi inalindwa vizuri kuliko katika njia ya kwanza, kwa sababu riziki ya hapa ni duka, na duka lina nafasi chini ya mnara. Mwenye duka la vifaa vya chuma au manukato anarudi mtaa ule ule kwa wateja wale wale. Wachuuzi wa barabarani ndio wasio na uhakika. Barabara zikipanuliwa na kupandwa miti, sufuria ya kebabu nayo inatafutiwa pengine.

Kusubiri kwake ni kwa miaka, kwenye nyumba za muda ambazo amana imezijenga yenyewe, nyingi zikiwa hazipo mbali. Awamu ya kwanza ilichukua takriban mwongo mmoja. Na kusubiri kuna hatari. Agosti 31, 2017 jengo la Hussaini, lililokuwa ndani ya mradi huu, liliporomoka asubuhi likiwa bado na watu, na zaidi ya 30 wakafa. Baadhi ya familia zilikuwa zimeshahama, nyingine bado. Kila mwezi wa mabishano katika jengo lililochoka ni mwezi ambao watu wanalala chini ya paa hilo.

Baadaye kuna bili ya matunzo, lifti na ulinzi. Amana hutafuta fedha za kuipunguza, lakini mzee anayeishi kwa kuletewa na watoto aulize kiasi gani na kwa miaka mingapi kabla hajafurahia marumaru.

Inamfaa: mtaa wenye chombo kinachoaminiwa na wenyeji na chenye mfuko mzito. Hapo ndipo wengi wanapokosea wanapotaka kuiga. Ramani ya Bhendi Bazaar inaweza kunakiliwa kesho asubuhi. Imani ambayo muuza duka anayo kwa amana ya dini yake hainakiliki, na bila hiyo nusu ya wapangaji wasingefungasha.

Njia ya tatu: serikali inajenga yenyewe

Kati ya 1920 na miaka michache iliyofuata, serikali ya kikoloni ilijenga majengo ya wafanyakazi wa viwanda vya pamba: ghorofa ya chini na tatu juu yake, vyumba 80 kila jengo, chumba futi 160, choo cha pamoja mwisho wa baraza. Huko huitwa chawl. Mtu wa Dar au Nairobi angeyaita kota. Ya idara ya kikoloni iliyoyajenga, BDD, ni 207, yakiwa Worli, Naigaon, Lower Parel na Sewri.

Mamlaka ya nyumba ya jimbo, MHADA, ilizindua 2017 kazi ya kuyavunja yale ya Worli, Naigaon na Lower Parel. Kwa kuwa ardhi ni ya umma na wapangaji wanajulikana kwenye daftari, kuhesabu ni rahisi kuliko kwenye mabanda: mwenye chumba cha futi 160 anapata nyumba ya futi 500 bila malipo, naye anakuwa mmiliki. Ni ukubwa ambao njia nyingine hazijaukaribia. Kazi haiguswi sana, maana wakazi wake wengi ni wa mishahara na wanarudi palepale. Kusubiri kumekuwa kurefu, na familia 556 za kwanza za Worli zilikabidhiwa funguo Agosti 2025. Kwa maisha ya baadaye, mamlaka imeahidi kubeba matunzo kwa miaka 12, halafu wakazi wajibebe wenyewe katika minara ya ghorofa 40.

Nimeipitia haraka kwa sababu masharti yake ni machache na hayapatikani kila mahali: ardhi ya umma, mahali pa ghali panapoweza kuuzwa sehemu ya nyumba kulipia nyingine, na serikali isiyokatisha kazi uchaguzi ukipita. Msomaji wa Dar atakumbuka Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilizovunjiwa zilisubiri miaka hadi nyumba zikazinduliwa Machi 2022. Mazingira ni tofauti, lakini wapangaji walikuwa wanajulikana kwa majina, na hilo liliwasaidia kurudi.

Inamfaa: mpangaji wa nyumba za umma mwenye jina kwenye daftari na mahali pa kusubiri.

Njia ya nne: kukarabati palepale

Hii haina picha ya kuvutia, na pengine ndiyo sababu inasahauliwa. Mwaka 1985, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Bombay, kama Mumbai ilivyoitwa wakati huo, ilianza kuwapa vikundi vya wakazi wa mabanda ardhi kwa kukodi kwa miaka 30, pamoja na mikopo ya kutengeneza nyumba zao wenyewe, na mji kuleta maji, mifereji na njia. Mwongo uliofuata ahadi ya nyumba za bure ikaizima. Nani atakopa kuezeka paa akiambiwa mnara unakuja?

Nani anahesabiwa? Kila mtu aliyepo, na anahesabiwa na wenzake. Shirikisho la wakazi wa mabanda la India, chini ya Jockin Arputham aliyefariki 2018, pamoja na vikundi vya akina mama vya Mahila Milan na shirika la SPARC, walianza kufanya sensa zao wenyewe, nyumba kwa nyumba, na kukusanya akiba ya sarafu kila siku. Mtindo huo ulivuka bahari. Muungano wa Wanavijiji wa Kenya na shirikisho la maskini wa mijini la Tanzania wamo katika mtandao mmoja na hao wa Mumbai, na wamekuwa wakitembeleana. Kwa hiyo katika njia hii Afrika Mashariki haiigi kitu kigeni, imo ndani yake kwa miaka mingi.

Kazi inabaki ilipo. Tanuri linabaki mlangoni, ngazi ya chuma inabaki ukutani, mpangaji wa juu anabaki juu na kodi yake inaendelea kumlea mwenye chumba cha chini.

Kusubiri hakupo kwa maana ya kuhama. Fundi anakuja, mtaro unachimbwa, mnaruka mbao kwa wiki chache. Lakini ukamilifu wake hauna tarehe, na mji unaweza kuacha katikati bila mtu wa kushtakiwa.

Maisha ya baadaye ni nafuu kwa bili na magumu kwa mwili. Vyoo vya jumuiya vilivyojengwa na manispaa pamoja na vikundi ni bora mara nyingi kuliko vya zamani, lakini usiku wa mvua mama mwenye mtoto bado anatoka nje. Vichochoro vya upana wa mabega haviruhusu gari la zimamoto. Na maji: Julai 26, 2005 mvua ya milimita 944 ilinyesha kwa siku moja, mto Mithi unaopakana na Dharavi ukafurika, na hakuna ukarabati wa nyumba moja moja unaoinua mtaa mzima juu ya mafuriko. Atakayekwambia njia hii haina ubaya amekaa mahali pakavu.

Inamfaa: mtaa ambao nyumba na karakana ni kitu kimoja, wenye wapangaji wengi wasio na karatasi, na ulio mahali pasipofurika vibaya.

Ukiwa na karatasi mbele yako

Kama jengo lenu lina nyufa zinazopanuka na nguzo zilizoachia nondo, swali la njia lije baadaye. Hameni kwanza, kwa makubaliano ya maandishi kwamba haki ya chumba haipotei kwa kuhama. Wengi hung'ang'ania ndani kwa kuogopa hilo tu.

Kama wewe ni mpangaji wa kilemba katikati ya mji na kuna amana au chama cha wenyeji mnachokijua kwa vitendo, njia ya pili ina mengi ya kukupa. Kama anayekuja ni mjenzi msiyemjua, dai kodi ya kusubiri iwekwe benki kabla ya nyundo ya kwanza, na muone mradi aliokwisha kuumaliza, mkazungumze na wa ghorofa ya pili badala ya yule wa ghorofa ya juu mtakayepelekwa kwake.

Kama mnahamishwa mbali, mtaa wa Mahul uwe funzo. Familia zilizovunjiwa kando ya bomba kuu la maji zilipelekwa huko jirani na viwanda vya kusafisha mafuta, zikaugua, na 2019 Mahakama Kuu ya Bombay ikaamuru wahamishwaji waondolewe hapo au walipwe rupia 15,000 kwa mwezi za kupangia pengine. Nendeni mkalale mnakopelekwa usiku mmoja. Nuseni hewa, mhesabu nauli ya kwenda kazini na kurudi, mtafute shule iliko.

Kama riziki yenu iko uani, msitie sahihi mchoro wowote usioonyesha ua. Wafinyanzi waulize tanuri liko wapi, wapika idli waulize maji ya alfajiri na njia ya mkokoteni. Kama mjenzi hana jibu, ukarabati wa palepale, pamoja na mifereji mikubwa ambayo mji lazima uichimbe, utawafaa zaidi hata kama hautapigwa picha.

Na kama wewe ndiye unayelala juu, kwenye chumba cha bati kinachofikiwa kwa ngazi ya chuma, bila risiti ya kodi, njia tatu za kwanza hazikuoni, au zinakupeleka mbali. Tafuta kikundi cha akiba, jiandikishe kwenye sensa ya mtaa inayofanywa na wenzako, weka bili ya umeme au kadi ya kliniki ya mtoto yenye anwani hiyo, na uifanye kabla tarehe ya ukomo haijatangazwa.